Dubai na simu yako: mwongozo kamili wa kupiga picha na kuposti bila kujitafutia balaa

Wiki moja kabla mdogo wangu hajaenda Dubai mara ya kwanza alikuwa ananipigia kila siku, na wala hakuulizia bei za mizigo, yeye ilikuwa "dada nivae nini pale Burj Khalifa" na "dada hivi staitasi inapanda kule?". Nilicheka ila baadaye nikaona maswali yana maana kabisa, maana mimi safari yangu ya kwanza nilirudi na picha mia tano na ushee, za kuonyesha mtu hazifiki ishirini, zingine giza, zingine ukungu, zingine nimekatwa kichwa na mpita njia niliyempa simu. Haya ndiyo niliyomwambia, nimeyapanga kidogo. Naongea na mtu anayetoka Dar, Mombasa, Nairobi au Kampala na simu yake ya kawaida, hana kamera ya maana wala hamjui mtu kule.

Hatua ya 1: Nyumbani, kabla ya begi

Visa wengi tunakata kupitia ajenti, shirika la ndege au hoteli, ya siku 30 au 60, na ukizidisha faini ni dirhamu 50 kwa kila siku. Mimi ajenti alinikosea herufi moja ya jina la ukoo nikaja kugundua usiku wa kuamkia safari, aisee sikulala. Ikishatoka iweke kando ya pasi usome herufi kwa herufi, usiishie kuifurahia tu.

Halafu sasa simu. Ingia kwenye memori uangalie imebaki nafasi kiasi gani, kama ni chini ya GB 10 basi anza kufuta, na adui mkubwa ni zile video za magrupu ya WhatsApp zinazojipakua zenyewe, za harusi za watu usiowajua na mahubiri ya asubuhi. Zima kabisa kujipakua. Fungua Google Photos, wanatoa GB 15 bure ila kumbuka hizo unagawana na barua pepe zako, iweke ipandishe picha kwa waifai peke yake isije ikakumalizia bando. Mimi simu ilinigomea katikati ya Dubai Fountain, maji yanapanda, muziki unapiga, watu wanashangilia, mimi nimeinama nafuta video ya mtoto wa jirani anacheza singeli.

Soketi za kule ni zile zile za pini tatu bapa tulizonazo Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hiyo adapta usinunue, hela hiyo nunua pawabenki, na uiweke kwenye begi la mkononi maana kwenye mzigo wa chini hairuhusiwi.

Na hili siyo la picha ila nisiposema nitajilaumu: mirungi usibebe hata jani moja, kule ni dawa za kulevya hamna mjadala, na dawa za maumivu kali kama tramadol au zenye codeine usiziingize kienyeji, angalia kwanza utaratibu wao. Ukipewa kifurushi cha "mpelekee ndugu yangu yuko Deira" kifungue mbele yake au ukatae. Mtu akinuna anune.

Msimu nao angalia. Novemba mpaka Machi ndiyo raha, unatembea mchana bila shida. Julai na Agosti joto linapita nyuzi 40, simu inakuandikia kwamba imepata moto na kamera inajifunga, na wewe mwenyewe usoni unang'aa kama andazi.

Hatua ya 2: Uwanja wa ndege, shika vidole vyako

Najua utamu wa kupiga picha pasi na tiketi ukiwa umekaa getini, tumeshafanya wote. Usiposti. Ile tiketi ya kupandia ndege ina jina lako, namba ya bukingi na ule msimbo wa mistari, mtu mwenye nia mbaya akiwa na namba ya bukingi na jina la ukoo anaweza kuingia kwenye safari yako akakuchezea kiti au akafuta tiketi ya kurudi. Visa ndiyo usiseme, pale kuna namba ya pasi na tarehe ya kuzaliwa. Ukitaka kuaga watu piga viatu vyako na begi, au bawa la ndege, inatosha.

Lingine ni kwamba ukitangaza "siku kumi nje ya nchi" umewatangazia na wale wasiokutakia mema kwamba nyumba haina mtu. Sheria ya kwetu mimi na mdogo wangu ni moja: picha ya mahali inapanda tukiwa tumeshatoka mahali hapo, na za hoteli zinapanda tukiwa tumesharudi Dar.

Hatua ya 3: Umetua, tafuta intaneti

Saa zao ziko mbele yetu saa moja tu. Emirates inatua Terminal 3 na metro iko pale pale, flydubai mara nyingi ni Terminal 2 ambako metro haifiki, utachukua teksi. Hela ni dirhamu, na kwa dola imefungwa miaka na miaka kwenye 3.67, kwa hiyo mtu akikupa 3.3 ujue amekuona mgeni.

Laini ya mgeni unanunua uwanjani au madukani Deira, waifai ya bure ipo uwanja wa ndege na Dubai Mall. Kinachowachanganya watu ni hiki: WhatsApp ya meseji, picha na staitasi inafanya kazi vizuri tu, ila kupiga simu ya sauti au video kwa WhatsApp kumefungwa. Mama alinipigia video kol, kwake inaita, kwangu inakatika, inaita, inakatika, mpaka akampigia mjomba kwamba nimepatwa na jambo. Waambie nyumbani mapema, na mpakuliane Botim, programu ya kupigia simu kwa intaneti ambayo inaruhusiwa. Njia za panya za kuzunguka vizuizi achana nazo, uko kwa watu.

Hatua ya 4: Sheria, hapa soma taratibu

Kwetu mtu unapiga picha sokoni, wamama wapo, watoto wapo, unarusha, hakuna anayekuuliza. Kule siyo hivyo. Kuna sheria ya makosa ya mtandao, namba 34 ya mwaka 2021, imeanza kutumika Januari 2022, na kifungu chake cha 44 kinasema kumpiga mtu picha bila ridhaa yake, hata kama ni mahali pa wazi, au kuisambaza, ni kosa: kifungo kisichopungua miezi 6, au faini ya dirhamu 150,000 mpaka 500,000, au vyote viwili. Piga hesabu ya hiyo laki na nusu kwa shilingi halafu urudi tuendelee. Kifungu hicho hicho kinagusa picha za majeruhi na watu waliokufa, kwa hiyo ukikuta ajali barabarani ile tabia yetu ya kutoa simu kwanza ikufie mfukoni.

Haimaanishi ukipiga Burj Khalifa na watu mia wako nyuma yako utakamatwa, watalii wanapiga usiku kucha. Shida ni pale mtu anapokuwa ndiye picha yenyewe, hasa wanawake na familia. Mimi ilinikuta mitaa ya Naif, nimepiga kibaraza kizuri chenye vitambaa vya rangi, nashusha simu namwona bwana mmoja amevaa kanzu anakuja, hakufoka, akaniambia kwa upole nimwonyeshe, kumbe mke wake amekaa pembeni ya picha kabisa hata sura haionekani vizuri. Nikafuta mbele yake. Akasema, na kule kwenye zilizofutwa pia. Nikafuta na kule. Akashukuru akaondoka, mimi magoti yanagonga. Sasa hivi kabla sijabonyeza natazama kwanza kona zote nne za skrini.

Usipige majengo ya serikali, kambi za jeshi, makasri wala sehemu za ukaguzi uwanja wa ndege. Drone usibebe kama huna kibali. Ukikasirishwa na hoteli au dereva wa teksi lalamika kwa wenyewe, usimwage matusi Instagram ukiwa bado uko kule maana kumtukana mtu mtandaoni nako ni kosa la jinai. Na nyinyi wenye wafuasi wengi mnaolipwa kutangaza biashara, hiyo ni kazi na ina kibali chake, ulizieni kabla. Kupigana mabusu hadharani kwa ajili ya picha, hata mkiwa wanandoa, acheni.

Hatua ya 5: Anza na Dubai ya zamani, asubuhi

Kila mtu anakimbilia magorofa siku ya kwanza, mimi nakwambia anzia Deira. Kata kadi ya Nol, ile ya silva ni dirhamu 25 na ndani yake una 19 za kusafiria. Metro haina dereva kwa hiyo kioo cha mbele kabisa kiko wazi na video yake inatoka tamu, ila angalia alama sakafuni kwanza, behewa linaweza kuwa la Gold ambalo nauli yake ni kubwa au la wanawake na watoto, mwanaume ukikutwa humo ni faini. Kula na kunywa ndani ya metro ni dirhamu 100, hata maji. Jumapili metro inaanza saa 2 asubuhi usijisumbue kuamka alfajiri.

Shuka Al Ras, hatua chache uko kwenye soko la viungo. Hapo piga vitu: magunia ya ndimu kavu, zafarani, mawaridi yaliyokaushwa. Muulize mwenye duka kwa ishara tu, nyanyua simu, nyanyua nyusi, wengi wanakubali na wengine wanakusalimia "mambo, karibu dada" maana wateja wa Kariakoo na Eastleigh wamewazoea. Soko la dhahabu liko karibu na pale, kuna pete inaitwa Najmat Taiba ina karibu kilo 64, watu wanapanga foleni kupiga nayo. Wale vijana wanaokunong'oneza saa na mikoba ya kopi usiwaelekezee kamera kabisa.

Kioo cha dirisha la dhahabu kinakuonyesha wewe na simu yako. Dawa yake ni kusogea mpaka lenzi iguse kioo, au usimame kwa pembeni, na flashi uzime.

Halafu vuka Creek, ule mkono wa bahari unaokata mji, kwa abra, mashua ndogo ya mbao, dirhamu 1 tu, unamlipa nahodha mkononi, na hii kwangu ndiyo picha bora ya Dubai nzima kwa hela ndogo kuliko zote. Kaa upande unaotazama majahazi. Weka simu kamba ya shingoni, mashua inapigwa na mawimbi ya mashua nyingine na benchi halina kizuizi cha maana. Usipige ikiwa inatingishika, ngoja ikae sawa, zaidi ya hapo nyosha upeo wa maji, picha ya bahari iliyopinda inamfanya mtazamaji ahisi kichefuchefu.

Ng'ambo ni Al Fahidi, mtaa wa zamani wenye minara ya kuvuta upepo, bure kabisa kuingia, na ngome yake ni ya mwaka 1787. Ukiingia kwenye nyumba yoyote iliyo wazi inua macho juu darini. Zile boriti unazoziona, nyumba nyingi za Ghuba ziliezekwa kwa mikoko iliyoletwa na majahazi kutoka pwani yetu, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba ni vyembamba virefu kama vya Lamu na Mji Mkongwe. Kuta nazo ni mawe ya matumbawe. Nililala chali kwenye benchi nikapiga dari, mlinzi akafikiri nimezimia.

Hatua ya 6: Burj Khalifa jioni

Mita 828. Ukisimama chini yake haingii kwenye simu, utapiga ukuta. Rudi nyuma mpaka daraja la Souk Al Bahar, weka 0.5, ile lenzi pana ya kamera, halafu fanya hivi: geuza simu kichwa chini ili lenzi iwe karibu na ardhi, mpigaji achuchumae. Wewe simama hatua sita mbele yake, siyo umeegemea ukingo kule mbali unakuwa kama sisimizi. Jengo linasimama lote na wewe unaonekana mrefu.

Fika kabla jua halijazama. Disemba jua linazama kama saa 11:30 jioni, Juni ni saa 1 usiku na dakika kumi hivi. Ile robo saa baada ya jua kuzama, anga bado bluu na taa zimewaka, hiyo ndiyo yenyewe, giza likishaingia kabisa jengo linakuwa mstari wa taa na uso wako unapotea. Kutoka stesheni ya metro mpaka Dubai Mall kuna korido ndefu, kama mita 820, wageni wengi hawaihesabu wanafika maji ya Dubai Fountain yameshaanza. Maonyesho ya chemchemi jioni yanaanza saa 12 na yanarudi kila nusu saa, kwa hiyo la kwanza litazame kwa macho, la pili ndiyo upige.

Na sasa ukungu. Ndani ya Dubai Mall kiyoyozi kinapuliza mpaka unatamani koti, ukitoka nje joto na unyevu wa bahari vinakupiga usoni, na lenzi inajaa mvuke papo hapo. Ndiyo zile picha zangu nilizodhani simu imeharibika. Usifute futa kwa kidole utapaka mafuta, toka nje dakika kumi kabla, iache simu mkononi ipate joto taratibu, halafu futa kwa kitambaa laini cha miwani. Siku hizi nabeba viwili, kimoja hupotea lazima.

Kwa usiku gusa skrini penye taa kali zaidi, halafu vuta kale kajua kanakotokea kwenye skrini chini mpaka taa ziache kuwa doa jeupe. Bana viwiko kwenye mbavu, toa pumzi, bonyeza.

Kupanda juu kabisa ni uamuzi wako na hela yako, saa za jua kuzama tiketi ni ghali kuliko asubuhi. Ukipanda vaa nguo nyeusi, maana nguo nyeupe inajirudia kwenye kioo na inaharibu kila picha. Mimi naona Dubai Frame inalipa zaidi, ina mita 150, upande mmoja Deira ya zamani, upande wa pili magorofa ya Sheikh Zayed Road, na sakafu ya kioo ambayo mdogo wangu aligoma kuikanyaga akapita pembeni ameshika ukuta.

Mavazi: mabega na magoti yakifunikwa huna shida popote, na kitenge kule kinapiga picha kuliko gauni la dukani, zile kuta ni rangi ya mchanga, chungwa na bluu ya kitenge inaruka. Msikiti wa Jumeirah unapokea hata wasio Waislamu kwenye ziara maalumu na picha zinaruhusiwa, jisitiri tu.

Hatua ya 7: Usiku hotelini, kuchagua

Hii watu wanairuka. Kila usiku kabla ya kulala kaa dakika ishirini, futa zilizocheza, kwenye kumi zinazofanana bakiza mbili, weka alama ya moyo kwenye nzuri. Ukisubiri urudi nyumbani hutafanya kamwe, najijua na nakujua.

Kisha hakikisha zimepanda Google Photos kwa waifai ya hoteli, fungua uone kwa macho, usiamini kwamba "si itapandisha yenyewe". Simu inaweza kubaki kwenye teksi.

Kurekebisha rangi iwe kidogo, ongeza mwanga usoni maana ngozi zetu simu nyingi zinazizamisha kwenye kivuli jua likiwa nyuma, basi. Filta ya kukuchubua weka mbali.

Hatua ya 8: Kuposti

Instagram inapendelea picha ya kusimama, ile ya 4 kwa 5 au 3 kwa 4, staitasi na stori ni skrini nzima ya 9 kwa 16. Chagua picha tano mpaka nane zenye mpangilio: moja ya mbali, moja yako, moja ya chakula, moja ya kitu kidogo kama mkono wa nahodha wa abra ukihesabu sarafu, bila sura yake. Staitasi arobaini za mfululizo watu wanabofya mpaka kidole kinauma na wanakuzima kimya kimya.

Zima lokesheni kwenye kamera, ukitaka kutaja mahali andika mwenyewe. Watoto wa watu mliosafiri nao usiwaposti bila kuuliza. Grupu la familia usitume picha kwa njia ya kawaida, WhatsApp inazikamua ubora, tuma kwa HD au kama dokumenti.

Na uchague nani aone. Nilipoposti soko la dhahabu nikiwa bado niko Deira nilipata meseji kumi na nne kabla sijafika hotelini, shangazi anataka hereni, jirani anataka simu "nitakurudishia ukija", na mtu niliyesoma naye darasa la tano ananiita mpendwa. Kwenye staitasi kuna sehemu ya kuchagua watu wasioona, jifunze kuitumia ukiwa bado nyumbani. Mzigo wa kilo 30 hauwezi kubeba mapenzi ya ukoo mzima.

Hatua ya 9: Umerudi

Nenda studio yoyote ya mtaani, safisha kumi kwenye karatasi. Bibi yetu hana simu janja, nilimpelekea kumi zake kwenye bahasha, akapita Burj Khalifa bila kusimama, akapita maji, akafika kwenye ile dari ya Al Fahidi akaisogeza dirishani. Akauliza hizi boriti mbona za kwetu, nani alizipeleka.